Mlinzi Aliyeachwa Nje

Wenzake kazini walimwita Chiriku, jina lililotoka nyumbani na kumfuata hadi ofisini, kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Aliongea tangu anapoingia mlangoni mpaka anapobeba mkoba kuondoka. Alisema na watu, alisema na skrini, na mashine ya kahawa ikigoma alisimama mbele yake akiibembeleza kama mtoto mgonjwa. Hakuna aliyechukia. Maneno yake ndiyo yaliyokuwa yakiwalisha wote mle ndani.

Kila kompyuta, kubwa kwa ndogo, ina mfumo unaoiendesha, na ndani kabisa ya mfumo huo mna kiini. Kiini ndicho kinachozungumza na vyuma vyenyewe: kinaamua nani apewe kumbukumbu, waya gani upitishe umeme, kitufe kikibonyezwa nani aambiwe. Mtu anayetaka kuiweka kompyuta kwenye kitu kidogo, tuseme pampu ya maji, lifti au mizani, hana budi kukipunguza kiini hicho mpaka kienee. Anavua visivyotakiwa, anabakiza vinavyotakiwa. Tangu zamani kazi hiyo ilifanywa kwa kujibu maswali ya ndiyo na hapana, na maswali yenyewe yalikuwa maelfu, yameandikwa na mabingwa waliokuwa wakijiandikia wao kwa wao. Ukisema ndiyo pasipostahili, kiini kinanenepa kisiingie. Ukisema hapana pasipostahili, kompyuta inawaka, inakukodolea macho, basi.

Chiriku alipewa kazi ya kuyageuza maswali yale yawe mazungumzo. Alitengeneza zana iliyomwuliza mtu kama jirani anavyouliza: mashine yako inafanya kazi gani? Ina skrini? Imeunganishwa na mtandao? Kisha zana yenyewe ikaenda kupekua ndani na kuvua kilichohitaji kuvuliwa. Kila neno kwenye kurasa zake alilipima yeye. Angeweza kushinda siku nzima akibishana na nafsi yake kama kitufe kiandikwe "Endelea" au "Nenda mbele", na mwisho wa siku akacheka peke yake kwamba analipwa kwa kazi hiyo.

Ilipofika zamu ya kuijaribu kwa watu, Chiriku alimfikiria kwanza shemeji yake, mume wa dada yake. Huyu alikuwa fundi wa vyuma na umeme, mtu wa kushika kitu mkononi kabla ya kukiamini. Chiriku alipokuwa akisoma aliishi kwao, na shemeji ndiye aliyemfundisha kushika chuma cha kulehemu bila kujiunguza. Walitaniana tangu siku ya harusi. Shemeji alikuwa akisema yeye alioa mke mmoja akapewa redio juu yake. Siku hizo alikuwa akihudumia mashine za kutotolea vifaranga, na kompyuta ndogo zilizoendesha mashine zile zilikuwa zimeanza kuchoka. Alitaka kuunda zake mwenyewe, ila yale maelfu ya maswali yalikuwa yamemshinda mara mbili.

"Nikikwama utanicheka," alisema alipoketi mbele ya skrini kwenye chumba cha majaribio, chumba chenye meza moja, viti viwili na jagi la maji.

"Ukikwama kosa ni langu, shemeji. Hiyo ndiyo kanuni ya chumba hiki."

Alimaanisha. Huwaambia hivyo wote.

Shemeji alikwenda vizuri. Alijibu kwamba mashine yake inatunza joto, kwamba haina skrini, kwamba haijaunganishwa na mtandao wowote. Akafika ukurasa wa Usalama. Kwa kuwa alikwisha kusema hana mtandao, zana ilikuwa imeufifiza ukurasa mzima, kila mstari umekuwa wa kijivu na alama yake ya ndiyo imeondolewa. Shemeji akaweka kidole juu ya kioo, kwenye mstari mmoja katikati.

"Huyu Mlinzi ni wa nini?"

Mlangoni walikuwa wamesimama bosi na wageni wawili wenye suti, wametumwa kuangalia kama zana ile inafaa kusambazwa. Wote watatu walikuwa wanatabasamu. Fundi wa mtaani anaunda kiini cha kompyuta bila jasho, nani asingetabasamu?

"Hivyo ni vya wenye mtandao," Chiriku alisema. "Havikuhusu. Endelea tu."

Shemeji akaendelea. Kiini kikaundwa, taa ya kijani ikawaka, wageni wakapiga makofi.

Alipokuwa akiosha bilauri baada ya watu kuondoka, Chiriku alikumbuka Mlinzi yule ni nani. Hakuwa wa mtandao hata kidogo. Ni saa ndogo iliyomo ndani ya kompyuta, inayongoja kuguswa na mfumo kila baada ya muda mfupi. Mfumo ukiganda usiiguse, saa ile inaizima kompyuta na kuiwasha upya. Mabingwa wamezoea kuiita jina la mlinzi, naye alipokuwa akipanga kurasa aliona neno mlinzi, akaona neno usalama, akaviweka nyumba moja bila kufikiri mara mbili. Kumbe kwa kufanya hivyo, kila asiye na mtandao alikuwa akivuliwa mlinzi wake pamoja na mengine.

Alisimama na bilauri mkononi, maji yakimchuruzika hadi kwenye kiwiko. Akajiambia ataurekebisha ukurasa kesho, na atampigia shemeji simu.

Kesho yake kulikuwa na keki. Wageni walikuwa wameipitisha zana, bosi alitaka itoke wiki ile ile, kila mtu alikuwa akimpongeza. Kuhamisha mstari kutoka ukurasa mmoja kwenda mwingine kungelazimu majaribio yarudiwe. Chiriku alisema moyoni kwamba mashine haziwezi kuganda kila siku, na kwamba atafanya marekebisho hayo katika toleo lijalo. Simu ya shemeji nayo ikapitwa na keki, na siku zilizofuata ikapitwa na aibu ya kwamba siku zimepita. Halafu akasahau. Au tuseme alijifunza kulipita lile jambo kwa mbali, kama mtu anavyobadili njia akimwona anayemdai.

Shemeji aliunda kompyuta yake, akaifunga kwenye mashine kubwa ya mteja wake mkuu, mwanamke aliyejulikana na watu wote kwa jina la Mama Vifaranga. Kwa miezi kadhaa ilifanya kazi bila kukohoa. Shemeji akawa anajigamba. Akipita mtu uani kwake anaonyeshwa picha kwenye simu: "Unaona hii? Zana ya kuundia hii katengeneza shemeji yangu. Ndiyo, huyo huyo msemaji."

Ikaganda Jumapili moja mchana. Ilikuwa imewasha kipasha joto ikawa inangoja joto lifike mahali pake ndipo ikizime, na katikati ya kungoja huko ikaganda. Kipasha joto kikabaki kimewaka. Kengele ya hatari nayo ilikuwa inapigwa na kompyuta ile ile, kwa hiyo haikulia. Mama Vifaranga alikuwa amekwenda kumwangalia mama yake mgonjwa, na mfanyakazi wa zamu alipofungua mlango jioni, joto lilimpiga usoni akarudi nyuma. Mayai yale yalikuwa yamebakiza siku moja tu yaanguliwe.

Dada ndiye aliyempigia Chiriku kumweleza. Alieleza kwa sauti ya chini, maana mumewe alikuwa chumba cha pili. Mama Vifaranga alimwita shemeji asubuhi yake, akamtoa mbele ya wafanyakazi wote, akamwambia asikanyage tena pale. Wateja wengine wawili walisikia wakampigia kusema wamepata fundi mwingine.

"Amemwaga unga, mdogo wangu. Na hataki kusema neno. Amekaa tu anaitazama ile kompyuta."

Chiriku hakuuliza kwa nini haikujiwasha upya. Alijua.

Siku iliyofuata shemeji alikuja ofisini. Alikuwa amevaa shati la kutokea, lile la bluu lililokuwa likionekana kwenye sherehe tu, na alikataa kiti mpaka alipoambiwa mara ya pili. Alishika kofia yake kwa mikono miwili.

"Nimekuja kukuomba radhi," alisema.

Chiriku alimtazama.

"Nimekuaibisha. Watu wanauliza ile zana ni ya nani, na mimi ndiye niliyekuwa nikilitangaza jina lako kila mahali. Nimeichunguza ile kompyuta. Kuna kitu kinaitwa Mlinzi, hakimo. Nilikiacha nje mimi mwenyewe. Nakumbuka hata siku ile ulinieleza pale chumbani, mimi nikadhani nimeelewa, kumbe sikuelewa. Kichwa changu ni cha nyundo, shemeji. Usiache watu waseme zana yako ni mbaya. Waambie fundi ndiye aliyekosea."

Hapo ndipo mahali pa kusema. Chiriku aliyekuwa akisema na mashine ya kahawa alifungua mdomo, akaufunga. Nyuma ya kioo wenzake walikuwa wakipita na makaratasi. Aliyaona maneno yote aliyopaswa kuyasema yamejipanga, mafupi, mepesi, hayana hata neno moja gumu, na hakulitoa hata moja.

"Usijali, shemeji," alisema.

Shemeji akashusha pumzi kama aliyetuliwa mzigo, akashukuru, akaivaa kofia yake. Alipofika mlangoni aligeuka akasema dada yake amemsalimu.

Tangu hapo Chiriku akawa mtu mwingine. Alikaa mbele ya skrini asiandike. Akisikia mtu anacheka korido ya pili aliona anachekwa yeye, na akisifiwa alitamani ardhi ipasuke. Lile neno "usijali" ndilo lililomtafuna kuliko hata ule mstari wa kijivu. Mstari ule aliuweka bila kujua. Neno hili alilitoa akijua.

Alijikaza, akaingia kwa bosi akaeleza kila kitu. Bosi alisikiliza huku akizungusha kalamu. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na zana iliyokwisha kusambaa na watu waliomwamini.

"Alama aliiondoa nani?"

"Zana iliiondoa."

"Kwa sababu yeye alisema hana mtandao. Na alikuwa na uwezo wa kuirudisha. Chaguo ni la mtumiaji."

"Aliniuliza, bosi. Mlikuwa mmesimama mlangoni. Aliniuliza ni ya nini, nikamwambia haimhusu."

Bosi akaiacha kalamu. "Basi urekebishe kimya kimya katika toleo lijalo. Tukitangaza, tunawatisha watu wote kwa ajili ya mmoja. Na mambo ya shemeji yako myamalize nyumbani."

Chiriku alitoka bila kubishana. Kwa kweli sehemu yake moja ilifurahi kuambiwa hivyo, na kuitambua furaha hiyo ndiko kulikompeleka Jumamosi kwa Mama Vifaranga, hata kabla hajajua atasema nini.

Jengo lilikuwa refu, la bati na matofali, milango yake mipana imefunguliwa kutoa harufu. Wanawake wawili na mwanamume mmoja walikuwa wakitoa trei na kuzisugua kwa sabuni. Mama Vifaranga, mwanamke mnene wa makamo mwenye buti za mpira, alikuwa ameinama juu ya ndoo. Alikuwa akipasua mayai yaliyobaki moja moja ili aone kama kuna lolote. Chiriku alisogea akachungulia. Ndani ya ganda kulikuwa na kifaranga kamili, manyoya ya njano yamelowa na kujilaza, mdomo umeelekea upande ule mnene wa yai, tayari kugonga.

"Walishaanza kulia humo ndani," Mama Vifaranga alisema bila kuuliza mgeni ni nani. "Jumamosi iliyopita ukiweka sikio unawasikia. Nimefanya kazi hii tangu nina nywele nyeusi, sijawahi kuzoea ile sauti. Halafu mjinga mmoja anakuja na kompyuta yake ya kubandika, anawapika wote."

"Si yeye," Chiriku alisema.

"Nani?"

"Fundi. Si yeye aliyekosea. Ni mimi."

Akaeleza. Alianza vibaya, akarudi nyuma, akataja kiini, akataja ukurasa wa kijivu, akaona anaanza kujificha nyuma ya maneno ya kazini, akaacha. "Kuna kitu kingeiamsha ile kompyuta ilipoganda," alisema. "Mimi nilikiweka mahali pasipo pake, kikaondolewa. Yeye alikiona, akaniuliza, nami nikamwambia aendelee. Baadaye nikajua nimemwambia uongo, nikanyamaza."

Wale waliokuwa wakisugua trei walikuwa wameacha kusugua.

Mama Vifaranga alijifuta mikono kwenye aproni yake polepole. Chiriku alingoja kofi, au machozi, chochote.

"Sasa wewe umekuja nikufanyie nini?" mwanamke yule aliuliza. "Nikusamehe? Hawa watafufuka?"

"Hapana, mama. Nimekuja kwa ajili ya fundi. Ulimfukuza mbele ya watu."

"Nilimfukuza, ndiyo. Na nikamtukana. Yeye anajua haya?"

"Bado."

"Bado!" Mama Vifaranga aligeuka kuwatazama wafanyakazi wake, kama anataka wamthibitishie alichosikia. "Umeanzia kwangu mimi nisiyekujua, ukamwacha mume wa dada yako nyumbani anajiona mjinga? Toka hapa, binti. Nenda kwanza kule. Mimi ya kwangu nitajua jinsi ya kuyasema."

Alikwenda moja kwa moja, bila hata kupita nyumbani. Shemeji alikuwa uani, amekaa juu ya kigoda, amefungua mota ya feni anaipaka mafuta. Dada alikuwa akianika nguo. Alimwona mdogo wake sura ilivyo, akauacha upande wa shuka unaning'inia.

"Shemeji, nina neno," Chiriku alisema.

Alilisema lote akiwa amesimama. Safari hii halikuchukua muda, maana alikuwa amelisema mara moja akajua lilivyo dogo. Shemeji alisikiliza huku akiendelea kupaka mafuta, kisha mkono ukapungua, kisha ukasimama.

"Kwa hiyo siku ile nilielewa sawasawa," alisema. "Niliona kitu, nikauliza."

"Uliuliza swali ambalo ningepaswa kuuliza mimi."

"Na jioni yake ukajua."

"Nikajua."

Aliiweka mota chini juu ya gazeti, kwa uangalifu, kama kitu cha kioo. "Na siku niliyokuja ofisini kwako na shati langu la sherehe. Siku hiyo pia ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Ukaniambia nisijali."

Shemeji alimtazama, si kwa hasira, kwa namna anavyokitazama kifaa alichodhani anakifahamu. Halafu akainuka, akafuta mikono kwa kitambaa, akaingia ndani. Mlango haukupigwa. Ulifungwa tu.

Dada alimaliza kuanika shuka lile. Alipolinyoosha vizuri ndipo akasema, bila kugeuka: "Ungekosea tu, mdogo wangu, tungeyamaliza leo leo. Wewe utashindwaje kusamehewa humu ndani? Lakini ulimwacha akupigie magoti kwa kosa lako. Alirudi hapa siku ile akaniambia, 'Shemeji ana moyo mzuri, hakunigombeza hata kidogo.' Hilo sijui nilisemee nini."

Chiriku alilia njiani akirudi, akajichukia kwa kulia, maana aliona hata machozi yale anajililia mwenyewe.

Jumatatu hakungoja toleo lijalo. Aliandika tangazo kwenye ukurasa wa mbele wa zana, mahali ambapo kila aliyeifungua angelikuta. Lilikuwa fupi. Lilisema kwamba kila aliyeunda kiini kwa zana ile na kusema hana mtandao, aikague mashine yake, kwa sababu kitu cha kuiamsha ikiganda kimeondolewa bila yeye kukusudia. Kwamba kosa ni la aliyepanga ukurasa wala si la aliyeutumia. Na kwamba mashine moja imekwisha kuleta hasara. Chini akaandika simu yake ya kazini.

Bosi alimwita kabla ya saa sita. Alipandisha sauti, jambo asilolizoea, akauliza nani alimpa ruhusa. Lakini simu ilikuwa imeanza kulia. Mtu mmoja anayetunza lifti ya hospitali alisema ameangalia, hakimo, na akashukuru. Mwanamke mmoja wa pampu ya maji alitukana kwanza, akatukana vizuri, ndipo akauliza afanye nini. Mwingine aliuliza kwa nini hakuambiwa mapema, na Chiriku akamwambia alistahili kuambiwa. Jioni bosi alikuja akasimama kando ya meza, akasikiliza simu mbili tatu, akaondoka bila kusema kitu. Wiki iliyofuata zana ilikabidhiwa mwenzake aiongoze. Chiriku akabakizwa kwenye maneno ya kurasa.

Kwenye maneno hayo ndiko alikofanya kazi kuliko wakati wowote wa maisha yake. Jina Mlinzi alilifuta. Mahali pake akaandika sentensi nzima: "Mashine ikiganda, ijiwashe upya yenyewe." Mwenzake akasema ni ndefu, itaharibu mpangilio wa ukurasa. Chiriku akasema acha uharibike. Aliondoa pia ile rangi ya kijivu, kwa sababu alikuwa amegundua mtu akionyeshwa kitu kilichofifizwa anadhani ameshaamuliwa na wanaojua zaidi, na akiwa na swali anaona haya kuliuliza. Kila zana inapotaka kuvua kitu, sasa ilisema inavua nini na mtu atakosa nini. Kurasa zikawa nyingi. Watu kwenye chumba cha majaribio walichukua muda mrefu zaidi, walikuna vichwa, waliuliza. Yeye aliketi nyuma yao na kalamu, mdomo umefungwa, mpaka wenzake wakaanza kusahau kwa nini wanamwita Chiriku.

Mama Vifaranga alimwita shemeji akamwomba radhi pale pale alipomfukuzia, mbele ya watu wale wale. Dada alimsimulia Chiriku kwa simu: alisema mama yule hakuzunguka, alisema, "Nilikuonea, fundi, hawa ni mashahidi," kisha akamwonyesha mashine na kusema aifufue. Mteja mmoja kati ya wale wawili naye alirudi. Wa pili hakurudi.

"Na yeye anasemaje?" Chiriku aliuliza.

"Anakula, analala, anafanya kazi."

"Kuhusu mimi."

"Hajakutaja."

Alikuwa hajamtaja kwa wiki nyingi. Chiriku alikwenda kumwona dada yake siku ambazo shemeji yuko kazini, akaondoka kabla hajarudi. Watoto waliuliza kwa nini mama mdogo hakai kula, akawaambia ana kazi, na huo nao ulikuwa uongo.

Halafu siku moja mchana simu ikalia, naye akaona namba ya shemeji.

"Kuna swali hapa silielewi," shemeji alisema. Hakusalimia. "Linauliza kama nataka kiini kihesabu muda kwa vipande vikubwa au vidogo."

Ilimchukua Chiriku kidogo kutambua kwamba maneno yale si ya zana yake. "Unatumia ile orodha ya zamani? Ya maswali yote?"

"Nayapita moja moja. Safari hii nataka nijue kila nilichokiacha na kila nilichokichukua."

"Utachukua miezi."

"Nina muda."

Chiriku aliomba ruhusa, akaenda. Alimkuta mezani sebuleni, miwani puani, kompyuta imefunguliwa, uso umekunjamana. Kiti cha pili kilikuwa kimeshavutwa, lakini shemeji hakusema karibu. Chiriku akaketi. Akaeleza habari ya vipande vikubwa na vidogo, akatoa mfano wa mtu anayechungulia chungu jikoni mara kwa mara na yule anayechungulia mara moja moja, akasema kila mmoja anapoteza nini. Shemeji alifikiri, akachagua mwenyewe. Wakaenda swali la pili, na la tatu. Mengine alikuwa anayajua yeye kabla hajaelezwa. Kwenye moja Chiriku alianza kueleza, akasikia sauti yake inateleza kwa wepesi kuliko anavyojua, akasimama.

"Hili silijui," alisema. "Naweza kukisia tu."

"Usikisie."

"Nitauliza kazini."

Shemeji aliacha alama kwenye swali lile, wakasonga. Hakutania. Hakumwita shemeji hata mara moja mchana ule, wala Chiriku hakuthubutu kutangulia. Dada alipita mara mbili akijifanya anatafuta mkasi, na mara ya pili alileta maji, akayaweka katikati yao.

Jua lilipoanza kuacha dirisha, Chiriku aliinuka kuondoka kama alivyozoea. Walikuwa hawajafika hata robo ya orodha. Shemeji alikuwa bado ameinamia skrini, midomo ikisoma swali linalofuata kimya kimya.

"Njoo Jumamosi," alisema bila kuinua macho. "Na lile ulilosema utauliza, uwe umeliuliza."